Kabla ya Kununua Mashine ya Kupimia Sumukuvu

Wengi wenu mnaukumbuka mwezi Machi wa mwaka 2021. Tarehe 5 ya mwezi ule Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango. Malori yakasimama Namanga yakiwa yamesheheni. Siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, na sharti mojawapo lilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu katika shehena haizidi kiwango cha sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Leo nataka tuzungumze juu ya cheti hicho, au tuseme juu ya mashine inayokizaa. Najua wapo watakaosema: mashine za maabara zinatuhusu nini sisi tunaonunua unga dukani? Zinatuhusu sana. Mwaka 2004, Mashariki mwa Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui, waliougua kwa kula mahindi yenye sumukuvu walikuwa 317, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 balaa hilo likabisha hodi kwetu, Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na 20 wakapoteza maisha. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuisonga ugali hakuiondoi, maana inavumilia moto wa jikoni. Na hao ni waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, ini lake ndilo linalolipa.

Sasa fikirini hicho kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni. Lori la tani 30 likiwa na sumukuvu gramu 0.3 tu, limefika kikomo. Gramu 0.3 ni kiasi cha kuokota kwa ncha ya kijiko cha chai, nacho kimetawanyika ndani ya magunia 300 ya kilo mia mia. Nani atakiona? Ataiona mashine, ikiwa imechaguliwa vizuri. Ikichaguliwa vibaya itaona isiyokuwapo, au haitaona iliyopo, na katika hali zote mbili kuna mtu ataumia, ama mkulima ama mlaji.

Niliwahi kutembezwa katika maabara moja ambayo sitaitaja. Pembeni niliona mashine kubwa imefunikwa kitambaa cheupe, kama redio ya babu. Nikauliza, hii ni nini? Nikaambiwa ni spektromita ya masi, imenunuliwa kwa fedha nyingi za kigeni. Mbona imelala? Mwenyeji wangu akacheka kicheko cha aibu, akasema: "Mzee, hii tulinunuliwa sikio, mdomo hatukununuliwa." Maneno yale sikuyaelewa siku ile. Ilinibidi nirudi mara tatu kwa watu wanaozijua kazi hizi ndipo nikaelewa, na niliyoelewa ndiyo ninayowaletea leo.

Mashine tunayoizungumza ni mbili zilizooana. Ya kwanza hutenganisha, ya pili hutambua. Ile ya kutenganisha wataalamu huiita HPLC, yaani kromatografia ya kimiminika kwa mgandamizo mkubwa. Asili yake ni mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, ambaye mwanzoni mwa karne iliyopita alipitisha rangi za majani katika mrija uliojazwa unga wa chaki, akaona rangi zinajitenga tabaka tabaka, kila moja kwa mwendo wake. Chukueni mfano wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Waachieni watu mia moja waingie kwa pamoja upande mmoja wa mtaa. Asiyependa kununua atatokea upande wa pili mapema. Anayevutwa na kila kitenge atachelewa. Mwishoni kundi lililoingia kwa pamoja linatoka mmoja mmoja. Ndivyo molekuli zinavyofanya ndani ya kile wanachokiita kolamu, yaani mrija wa chuma uliojazwa chembechembe ndogo sana. Kwa kuwa chembe zenyewe ni ndogo, kimiminika hakipiti mpaka kisukumwe kwa nguvu. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa ba 2 na ushei, lakini pampu ya mashine hizi za kawaida husukuma hadi ba 400.

Ile ya pili, spektromita ya masi, hupima uzito wa molekuli. Sumukuvu iliyo mbaya kuliko zote, B1, ina uzito wa 312. Ikipachikwa chaji ndani ya mashine inasomeka 313. Hapo mashine haitosheki. Inaivunja molekuli ile na kutazama vipande vyake, kimoja cha 285 na kingine cha 241. Ni kama askari aliyekwisha kukagua kitambulisho chako, kisha akakuuliza jina la babu yako. Ndiyo maana ushahidi wake ni mgumu kuupinga.

Kabla hatujaenda mbali, swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: je, ninaihitaji kweli? Kwa sumukuvu peke yake, HPLC yenye kitambuzi cha mwanga inatosha, kwa kuwa sumukuvu ikimulikwa kwa mwanga usioonekana hung'aa. B1 hufifia ikiwa ndani ya maji ya mashine hizi, lakini kuna kifaa cha kuiamsha, na kazi hiyo imefanyika miaka mingi duniani kote. Maabara ya mpakani inayopima mahindi kwa sumukuvu tu, sioni kwa nini iingie gharama ya spektromita. Hesabu inabadilika pale unapotaka kupima sumu nyingi kwa mkupuo mmoja. Mahindi yetu yana fumonisini pia, nayo ni sumu ya ukungu mwingine, wala haing'ai mpaka uipachike kemikali ya kuing'arisha. Ukitaka hizo zote, na mabaki ya viuatilifu, na dawa za mifugo katika maziwa, hapo ndipo spektromita inapolipa gharama yake. Jambo hili lamuliwe kabla ya kumwita mwuzaji, maana ukimwita kwanza ataamua yeye.

Tuseme mmeamua kununua. Sasa tunarudi kwenye ule mdomo na lile sikio. Spektromita inafanya kazi ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. HPLC nayo inatoa kimiminika mfululizo. Mililita moja tu ya maji ikigeuka mvuke hujaza zaidi ya lita moja. Unawaozaje hawa wawili? Mmarekani John Fenn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa mchango wake katika suala hili: kimiminika hupitishwa kwenye sindano yenye umeme wa volti maelfu, kikatoka kama ukungu wa marashi, matone yakakauka hewani, na molekuli zenye chaji zikaingia ndani ya ombwe bila maji yake. Ila ukungu huo huwa mzuri kimiminika kikiwa kidogo. HPLC za mtindo wa zamani zina kolamu yenye upana wa milimita 4.6 kwa ndani, na husukuma mililita 1 kwa dakika. Zipo spektromita zinazokubali kiasi hicho, lakini nyingi husikia vizuri zaidi kati ya mililita 0.2 na 0.5, kwa kolamu ya milimita 2.1.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Husema: pampu tunayo, ya mwaka ule, bado nzima, tununue spektromita tu tuokoe fedha. Pampu ya zamani inaweza kuwa nzima kabisa kwa kazi yake ya zamani. Lakini iambie isukume mililita 0.2 kwa dakika bila kutikisika, utaona inavyohangaika. Kisha kuna mirija ya kuunganisha. Mrija wenye tundu la milimita 0.25, urefu wa mita moja, unabeba maikrolita 49. Wenye tundu la milimita 0.12 unabeba maikrolita 11 tu. Sumukuvu inayotoka kwenye kolamu nyembamba inaweza kutoka ndani ya maikrolita thelathini hivi za kimiminika. Ukiipitisha kwenye mrija mpana, ile uliyoitenganisha kwa taabu inaanza kuchanganyika tena na jirani zake njiani, kabla hata haijafika kwenye sikio.

Na pampu zenyewe ni za aina mbili. Moja ni pampu pekee yenye vali nne, huchanganya vimiminika kabla ya kuvisukuma. Ya pili ni pampu mbili, kila moja inasukuma kimiminika chake, vikakutana mbele. Ile ya vali nne ni nafuu na hukupa uhuru wa kujaribu mchanganyiko huu na ule. Tatizo lake ni safari ndefu. Ikiwa toka kichanganyio hadi kolamu kuna mililita 1, na wewe unasukuma 0.3 kwa dakika, badiliko lolote unaloagiza litafika kwenye kolamu baada ya dakika tatu na zaidi. Zidisha kwa sampuli mia. Kwa maabara yenye malori yanayosubiri nje, mimi ningechukua pampu mbili, hata kama bei imepanda.

Lakini kama mtasahau yote niliyosema, naomba lisalie hili la sindano. Mashine huchukua sampuli kwa sindano inayojiendesha yenyewe, ikavuta labda maikrolita 5, yaani tone la maji likigawanywa mara kumi, ikaingiza, kisha ikaenda chupa inayofuata. Sasa tuchukulie chupa ya kwanza ni mahindi yaliyooza, yenye sumukuvu mara mia ya kiwango. Chupa ya pili ni mahindi safi ya mama mmoja wa Kiteto. Sindano isiposafishwa sawasawa, chembe za chupa ya kwanza zitaingia pamoja na za pili. Sikio la spektromita ni kali mno, litasikia, litaandika. Mahindi ya yule mama yatahukumiwa kwa kosa la jirani yake wa kwenye foleni. Hatajua kamwe kilichotokea. Ataambiwa mashine imesema, na mashine ya kisasa toka Ulaya nani atabishana nayo?

Kwa hiyo siku mwuzaji anapoeleza sifa za mashine yake, msikilize, kisha umwulize: sindano inaoshwa kwa nini, mara ngapi, ndani na nje? Ukiingiza sampuli kali kupita kiasi, halafu ukaingiza maji matupu, yale maji yanaonyesha nini? Akikupa karatasi ya matangazo yenye picha nzuri, mwambie hapana, nataka kuona kwa macho yangu. Kadiri sikio linavyokuwa kali ndivyo sindano inavyotakiwa kuwa safi zaidi. Kununua spektromita ya daraja la juu na kuitia sindano ya daraja la chini ni kununua ugomvi.

Kuna suala la chumvi. Waliozoea HPLC za zamani huchanganya fosfati katika maji yao, na kwa kitambuzi cha mwanga haina neno. Kwa spektromita ni balaa. Fosfati haigeuki mvuke, inaganda mdomoni mwa ile sindano ya ukungu kama magadi kwenye sufuria. Hapa hutumiwa vitu vinavyoyeyuka hewani, kama asidi ya fomiki au chumvi za amonia. Mashine iliyozoea fosfati miaka kumi, ukiihamishia kwenye spektromita bila kuiosha kwa siku kadhaa, itaendelea kutema mabaki yake. Nilipolisikia hili ndipo nilipoelewa ile mashine yenye kitambaa cheupe. Waliioza na pampu ya meza ya jirani.

Je, tununue ile ya mgandamizo mkubwa zaidi? Tangu mwaka 2004 zipo sokoni mashine zinazofika ba 1000, zenye chembe chini ya maikromita 2 ndani ya kolamu. Zinafanya kwa dakika tano kazi ya dakika ishirini, tena kwa usafi zaidi. Ni kweli, ni nzuri. Ila chembe ndogo maana yake ni vitundu vidogo, na unga wa mahindi ni uchafu kwelikweli. Sampuli isipochujwa vizuri, kolamu inaziba, na kolamu haiuzwi Kariakoo. Maabara yenye wataalamu wachache, na maji ambayo usafi wake unabadilika na msimu, inaweza kufanya kazi nyingi zaidi kwa mwaka ikiwa na mashine ya kati ya ba 600 kuliko ikiwa na ya ba 1000 inayolala miezi mitatu ikisubiri kipuri. Wapo wataalamu watakaonipinga hapa, na wana hoja zao. Mimi natazama siku ambazo mashine inafanya kazi, sitazami namba iliyobandikwa mbele yake.

Kolamu nyembamba ina faida nyingine ambayo mhasibu ataipenda. Kwa mililita 1 kwa dakika, saa nane za kazi zinakunywa mililita 480 za vimiminika. Kwa 0.3 zinakunywa 144. Kimoja cha vimiminika hivyo ni asetonitraili, nacho hupatikana kama zao la ziada la viwanda vya kutengeneza malighafi za plastiki na nyuzi. Mwishoni mwa 2008 uchumi wa dunia ulipoyumba na viwanda hivyo vikapunguza kazi, asetonitraili ikaadimika ulimwenguni kote, bei ikaruka, maabara zikaanza kuhesabu kila chupa. Waliokuwa na kolamu nyembamba walipumua. Msisahau pia kuuliza kama kazi yenu inaweza kufanyika kwa methanoli, ambayo kwa kawaida ni rahisi kupatikana. Kwa sumukuvu inawezekana kabisa.

Halafu kuna yale ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya bei. Spektromita hula gesi ya naitrojeni usiku na mchana, lita nyingi kila dakika, kwa hiyo mitungi haitoshi. Inahitajika mashine ya kuitengeneza hapohapo, nayo ina kelele na joto lake. Chumba kinataka kiyoyozi kisichopumzika. Umeme ukikatika, pampu za ombwe zinasimama, hewa inaingia, na kurudisha ombwe la kuaminika huchukua saa nyingi, wakati mwingine usiku mzima. Kukatika kwa dakika mbili kunaweza kula siku nzima ya kazi. Jenereta peke yake haitoshi, maana inachukua muda kuwaka. Lazima pawepo betri za kuishika mashine katika nafasi hiyo. Na mkataba wa matengenezo, kwa mashine za namna hii, huwa karibu asilimia 10 ya bei kila mwaka. Zabuni isiyotaja fedha za miaka mitano ya matengenezo mimi naihesabu kuwa ni zabuni ya kununua pambo.

Swali jingine: tununue zote mbili kwa mtengenezaji mmoja, au pampu huku na spektromita kule? Mafundi wanasema inawezekana kuchanganya, na mara nyingi programu moja ya kompyuta inaweza kuziendesha zote. Tatizo linakuja siku zikigoma. Huyu atasema kosa ni la pampu, yule atasema ni la spektromita, nawe uko katikati umeshika simu. Penye fundi mmoja tu wa kampuni anayetoka Nairobi au Johannesburg, ningenunua kwa mmoja, na ningeuliza fundi huyo anafika baada ya siku ngapi, iandikwe kwenye mkataba.

Mwisho ni jaribio. Kamati isikubali kujaribiwa mashine kwa sampuli za mwuzaji, ambazo ni safi kama maji ya mvua. Wafunge mahindi yetu wenyewe, mabaya na mazuri, wayapeleke. Ndani ya mahindi mna mafuta na vitu vingine vinavyogombania chaji na sumukuvu pale kwenye ukungu, hata mashine ikaisoma sumu pungufu ya iliyopo. Maabara makini hutia katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha sumukuvu iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, ili ule upungufu uonekane na urekebishwe. Basi mwuzaji aingize sampuli moja mara sita, tuone majibu sita yanafanana kiasi gani. Aingize ile kali, halafu maji matupu. Kisha azime umeme mbele ya kamati, awashe, tuhesabu saa. Anayekataa hilo la mwisho, mwandikeni alama ya chini.

Haya yote yanahusu sampuli iliyokwisha kufika maabara. Lakini katika gunia zima punje chache tu zaweza kubeba karibu sumu yote, na yule kijana anayechoma bambo kwenye gunia huko mpakani anaweza kuzikosa au kuzikamata kwa bahati tu. Hilo la bambo na gunia tutalizungumza juma lijalo, Mungu akipenda.